Bati la Mwanga

Watu wakisikia mume wangu ni mhunzi, wanadhani mimi ni mke wa mhunzi tu. Sivyo. Mimi ndiye nyundo kubwa. Yeye husimama upande wa moto, hutoa chuma kwa koleo, hukilaza juu ya fuawe na kukigusa kwa nyundo yake ndogo pale anapotaka nipige, nami napiga papo hapo alipogusa. Akigonga fuawe pembeni, naacha. Tumefanya kazi hiyo tangu binti yetu akiwa mchanga, akilala kwenye kikapu kitupu cha mkaa, na miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana tukiwa kazini, maana huwezi kugombana na mtu aliyeshika chuma cha moto. Magomvi yetu tulikuwa tunayapeleka nyumbani, na huko tunayafanya kwa nafasi.

Binti huyo sasa tunamwita Bosi. Kazi yake ni kupamba nyumba za watu na maofisi. Mteja anamkabidhi funguo za vyumba vitupu, naye anamrudishia vyumba ambavyo mtu anatamani kukaa. Kinachowafanya watu wamtafute yeye na si mwingine ni chuma kilichofuliwa kwa mkono. Kwenye mgahawa mmoja alitutengenezesha taa za kuning'inia, kila moja na pindo lake. Saluni, fremu za vioo. Kwa mwanasheria tulifua vyuma vya kubebea rafu za vitabu, na nasikia mwanasheria mwenyewe haachi kuvipapasa wakati anaongea na wateja wake. Chuma cha kiwandani hakuna anayekipapasa. Hilo tu ndilo ninalolijua kuhusu urembo wa nyumba, na linanitosha.

Lakini Bosi hakuanza hivyo. Alipokuwa msichana aliionea haya karakana yetu. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba baba yake anauza vifaa vya ujenzi. Simlaumu. Karakana ilikuwa giza, kuta nyeusi tii kwa masizi, na kidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilidhani giza lile ni ubahili wa baba mkwe, kwamba alijenga banda akashindwa kutoa hela ya madirisha. Nilimsema kimoyomoyo mpaka siku tuliyomzika, Mungu amrehemu.

Sasa wateja wakaanza kuomba kuona mahali vitu vyao vinapofuliwa. Bosi akaleta fundi wa paa, akang'oa mabati ya juu ya fuawe na kuweka yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Aliyanunua kwa jasho lake bila kutuambia, akatushtukiza tuliporudi kutoka msibani. Siku ile niliviona vidole vyangu vya miguu ndani ya karakana kwa mara ya kwanza, nikapiga vigelegele. Mume wangu alitazama juu, akautazama moto, akasema, "Pazuri." Basi. Ukitaka maneno mengi kutoka kwa mtu yule, labda umkanyage.

Toka hapo Bosi akahamia kwetu karakanani. Aliweka meza yake pembeni, akabandika michoro yake ukutani, akawa anakula chakula cha mchana pamoja na sisi. Wateja walikuja wakapiga picha, na kwa kuwa macho hayana pazia, wakatukodolea kama tumeshuka jana kutoka mbinguni. Baba yake akaanza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kazini. Nilimtania kwamba ana mchumba mwingine huko karakana. Akasema ndiyo, ana nyundo kubwa.

Ndipo ikaja kazi ya mkunga. Mkunga huyu alikuwa amestaafu, ana nyumba ya ghorofa, na mume wake alikuwa amepooza upande mmoja. Chumba chao kilikuwa juu. Mgonjwa walikuwa wanamlaza sebuleni kama mgeni aliyekosa usafiri, maana ngazi haikuwa na kitu cha kushika. Mkunga alitaka reli ambayo mume wake ataweza kuishika akapanda mwenyewe kwenda kulala kitandani kwake, na hakutaka ifanane na ya hospitali. Hospitali, alisema, amezichoka. Bosi akamchorea reli inayopanda ukutani jinsi mboga ya maboga inavyotambaa, yenye vikonyo vinavyojisokota, na kila kipande kiungwe na kingine kwa moto, bila bolti, ili mkono wa mgonjwa uteleze kutoka chini hadi juu bila kukwaruzwa mahali.

Kuunga kwa moto si jambo la kubahatisha kama kupinda, ambako chuma kinasamehe moto uliozidi kidogo. Vipande viwili vinapashwa mpaka vinakaribia kuyeyuka, vinanyunyiziwa mchanga, vinalazwa pamoja na kupigwa upesi upesi, navyo vinashikana vikawa kitu kimoja. Moto ukipungua, havishiki. Moto ukizidi, chuma kinatoa cheche na kuungua, na chuma kilichoungua ni kama mkate wa juzi: kinaonekana kizima mpaka ukishike. Kinachoamua ni rangi, na rangi anaisoma mume wangu. Mimi sisomi rangi. Mimi nafuata nyundo ndogo.

Tukapeleka kipande cha kwanza nyumbani kwa mkunga kukijaribisha ukutani. Bosi alikiegemea kwa mkono mmoja kumwonyesha mteja jinsi kilivyo imara, nacho kikaachana hapo hapo kwenye kiungo. Mgonjwa alikuwa kwenye kiti chake pale sebuleni, anatutazama. Mkunga aliokota kipande kilichoanguka, akamrudishia mume wangu kwa mikono miwili, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniuma kuliko kama angetutukana.

Tuliporudi nilivipiga viungo vingine tulivyokuwa tumeshavimaliza. Vyote vilivunjika. Ndani vilikuwa na chembechembe kubwa za kijivu, mithili ya sukari. Vilikuwa vimeungua.

Bosi alisubiri baba yake aende kunawa.

"Mama, baba haoni tena," akasema. "Moto umemmaliza macho. Wewe unajua na mimi najua."

Alikuwa ameshapanga kila kitu, ndiyo tabia yake. Atanunua maua na vikonyo vya kiwandani, fundi wa kuchomelea kwa umeme ataviunganisha, mkunga amekubali kusubiri mpaka Jumamosi. Baba naye apumzike. Atakaa pale kwenye kiti karibu na mlango, awe anakaribisha wateja.

Sina ugomvi na umeme. Geti la nyumba yangu limechomelewa kwa umeme na linafunga vizuri. Lakini maua ya kiwandani yakiingia karakana, moto hauna kazi tena, na mume wangu asiye na moto ninamjua. Aliwahi kuumwa mgongo akakaa nyumbani, akanipangia upya jiko langu lote mpaka nikakosa mwiko wa kusongea. Mtu wa namna ile ukimkalisha kwenye kiti cha kukaribisha wageni, umemzika huku anapumua. Nilipiga moyo konde. Nikamwambia Bosi kwamba mpaka Jumamosi moto huo hauzimwi, na anayetaka kuuzima anizime mimi kwanza. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtoto anayedhani mama yake amepofushwa na mapenzi. Hiyo ikanitia ukali zaidi.

Nikaanza na macho. Nilimpa mume wangu mchele achambue. Alitoa chuya zote, akatoa na kijiwe ambacho mimi ningekitafuna. Nikamsimamisha mlangoni, nikamuuliza yule anayekuja kule mwisho wa barabara ni nani. Akamtaja, akaongeza kwamba ndala yake ya kushoto imekatika kamba.

"Unanipima nini?" akaniuliza.

"Napima kama bado unaniona."

"Nakuona sana. Umenuna."

Basi macho hayakuwa na shida. Nikamuuliza kwa nini viungo vinaungua. Akasema huenda ni mkaa. Nikabadilisha mkaa. Vikaungua. Akasema labda mchanga una chumvi. Nikauosha mchanga mpaka mikono ikachubuka, nikauanika, tukaunga, vikaungua. Akasema basi ni chuma chenyewe, siku hizi wanatuletea takataka. Nikaenda kutafuta chuma kingine, hata hicho kikaungua. Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kulaumu hata msumari, sasa alikuwa analaumu kila kitu. Hilo nililiona, ila sikulielewa.

Ijumaa mchana, jua la utosi, tukaunga tena. Nilipopiga, kipande kikakatika na kuangukia sakafuni, katikati ya lile pande la jua linaloshuka kutoka kwenye bati. Nikakiacha kipoe. Nilipokiangalia tena kilikuwa cheusi, kimetulia, nikakisukuma kwa mguu kukiondoa njiani. Soli ya kiatu changu ikatoa moshi. Kile kipande kikateleza hadi chini ya fuawe, kwenye kivuli, na hapo kivulini kikawa chekundu.

Niliinama. Nikakivuta kwa koleo nikakirudisha juani. Cheusi. Nikakisukuma kivulini. Chekundu. Nilifanya hivyo tena na tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Hapo kila kitu kikaniingia akilini. Kwenye mwanga, chuma kinadanganya. Kinaonekana kimepoa kumbe kinawaka. Mume wangu alikuwa anangoja aione ile njano ya kuungia, na mpaka aione, chuma kinakuwa kimeipita kitambo na kuungua, huku cheche za kumwonya zikimezwa na jua. Lile giza la baba mkwe halikuwa ubahili hata kidogo. Nilikuwa nimemsengenya maiti wa watu bure.

Nikainua kichwa. Mume wangu alikuwa ananitazama, na hakuwa na mshangao wowote usoni.

"Ulijua," nikamwambia.

Alijipangusa mikono kwenye aproni. "Siku ile ile," akasema.

Nilimuuliza anataka kuniua au vipi. Wiki nzima naosha mchanga kama mwendawazimu, mtoto anampangia kiti cha uzee, na yeye amekaa kimya kama maji ya mtungini. Akasema alidhani atazoea. Alijaribu kuhesabu mivuto ya mvukuto unaopuliza moto, akajaribu kusikiliza mlio wa moto, siku nyingine alipatia kidogo na siku nyingine akakosa. Kisha akaniomba nisimwambie Bosi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema niache tu.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Nimeshazaa," akajibu. "Na huyo niliyemzaa ndiye sitaki ajue."

Nilitamani kumrushia koleo. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu tuligombana mbele ya fuawe, moto ukiwaka. Mimi nilisema yote niliyokuwa nayo na mengine niliyoyabuni hapo hapo. Yeye alirudia neno moja tu, kwamba lile bati lisiguswe. Alikuwa tayari kuitwa kipofu mbele ya watu, apokonywe kazi aliyorithi kwa baba yake, kuliko kusema neno juu ya kipande cha plastiki. Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Nilitaka moto wake.

Jumamosi asubuhi niliazima ngazi kwa jirani na turubai kwa muuza mbao. Mume wangu alinikuta nimeshaegemeza ngazi ukutani.

"Usipande," akasema.

Nikapanda. Akaendelea kunikataza huku ameshika ngazi kwa mikono yote miwili nisianguke. Nililitandika turubai juu ya lile bati, nikalikaza kwa kamba, na pale kamba zilipoisha nikaweka matofali. Nilikuwa bado huko juu, nimeshika paa kama kupe, Bosi alipofika na boksi lake la maua ya kiwandani.

Aliingia ndani. Akatoka upesi.

"Nani amefunika bati langu?"

"Mama yako," nikamjibu kutoka juu.

Akaniuliza kama najua mkunga anakuja mchana kuangalia kazi, na kama nataka aingizwe kwenye shimo la giza. Akasema hata nikifunika dunia nzima, macho ya baba yake hayatarudi, na kwamba yeye pia inamuuma, nisidhani ni mimi peke yangu ninayempenda. Nilikuwa na la kumjibu, ila nilikuwa nimeahidiwa ugomvi mwingine na baba yake endapo nitasema, na isitoshe maneno yalishakuwa mengi. Nikashuka, nikachukua nyundo yangu, nikamwambia aingie asimame aone.

Ndani kulikuwa giza kama zamani. Mume wangu alisimama kidogo katikati ya karakana bila kufanya lolote. Nadhani alikuwa anasali, au anamlaumu Mungu kwa kumpa mke wa aina yangu. Kisha akashika mvukuto. Alipoingiza vyuma motoni nikaziona rangi hata mimi nisiyezisoma: nyekundu iliyoiva, kisha chungwa, kisha njano ikaanza kupanda polepole kutoka kwenye ncha. Mabega yake yalishuka. Alinyunyiza mchanga, akangoja kidogo tu, wala hakukodoa macho. Vyuma vikatoka vimelowa mwanga, akavilaza, akagusa, nikapiga. Akagusa, nikapiga. Nilipiga kama mtu anayedai haki yake, na nilikuwa naidai. Akagonga fuawe pembeni. Nikaacha.

Bosi hakungoja kuambiwa. Kiungo kilipopoa alikibana kwenye vaisi, akanipokonya nyundo na kukipiga yeye mwenyewe. Hajui kupiga, anapiga kama anaua mende, lakini nguvu anazo. Chuma kikapinda. Akapiga tena, kikazidi kupinda mpaka ncha mbili zikakaribia kukutana, na kiungo hakikufunguka hata ufa wa unywele. Akachukua kimoja cha jana. Kikavunjika kwa pigo la kwanza.

Alikaa na vipande vile mkononi. Alivitazama, akautazama moto, kisha akainua uso juu kwenye turubai langu. Ana akili mtoto yule, ameitoa kwangu.

"Ni bati," akasema taratibu. "Ni bati langu."

Mume wangu alijifanya anachokoa mkaa.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Nimezunguka kwa watu nikawaambia baba yangu haoni." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nimemwambia mkunga. Nimewaambia wateja wangu wote. Kwa nini hukuniambia?"

Nilitegemea aseme acha tu, kama alivyoniambia mimi. Lakini aliiweka chini ile fimbo ya kuchokolea, akamgeukia.

"Ulipokuwa mdogo, mama yako alikuwa anakutuma uniletee chakula," akasema. "Ulikuwa unaishia pale nje. Unaniwekea bakuli kwenye jiwe, unaniita, unaondoka kabla sijatoka. Huingii." Nikadhani amemaliza, kwa kuwa hayo yalikuwa tayari maneno mengi kwake. "Ulipoweka bati, ukaingia."

Nilikuwa nimelala na mtu huyu kitanda kimoja miaka yote hiyo na sikujua kwamba alikuwa analihesabu bakuli lile. Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta kitu.

Bosi akaenda kwenye meza yake, akalisukuma boksi la maua ya kiwandani chini yake kwa mguu. Akavua viatu vyake vya ofisini, akaviweka nje ya mlango na kurudi peku. Nikamfokea kwamba humu haingii mtu peku, anataka kuunguza nyayo? Akavaa viatu vyangu vya akiba, vikampwaya, akaja kushika mpini wa mvukuto.

"Mkunga anakuja saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nane."

"Basi vuta. Viungo ni vingi."

Akavuta, kwa pupa, majivu yakaturukia sote. Baba yake aliingiza vyuma viwili motoni, akamtazama akihangaika pale upande wa nyuma, shingo ameirefusha ili aone kinachoendelea.

"Njoo upande huu," akamwambia. "Kutoka huko huioni rangi."

Akazunguka, akasimama begani mwa baba yake humo gizani, nami nikanyanyua nyundo.